KOLWEZI, MUJI ULIOZALIWA NA SHABA: ULITOKA WAPI, NA UTABAKI NA NINI?



Ukiuliza mwanafunzi wa shule yetu, "Muji wetu ulianza namna gani?", wengi watajibu mara moja: "Ulianza na Gécamines." Jibu hilo si la uongo kabisa, lakini halitoshe. Mu masomo tunajifunza mito ya Ulaya na wafalme wa Ubelgiji. Lakini mutu anaweza kumaliza masomo yake yote bila kujua juu ya nini babu yake alitoka mbali akaja kujenga hapa, ao juu ya nini reli inapita pale inapopita.

Kwa hiyo sisi wa kalasi ya mwisho tumeona ni vizuri kueleza mambo haya mbele ya kutoka. Iko na sababu ingine. Kila mwaka viti vinabaki wazi mu kalasi, kwani wenzetu wamekwenda ku kariere. Hatuandike hapa kwa kuwacheka, maana njaa haina kitabu. Lakini anayeacha masomo juu ya jiwe, anafaa kwanza kujua habari ya lile jiwe.

1. JIWE LILIKUWA MBELE YA MUJI

Mawe ya kwetu ni ya zamani sana, zaidi ya miaka milioni 500. Shaba na kobalti vinalala mule pamoja, ndiyo maana mashimo yetu yanatoa vyote viwili. Shaba unaijua kwa rangi ya kijani: ni malakiti. Kobalti unaijua kwa jiwe jeusi, ambalo wenye elimu wanaliita heterojeniti.

Wazee wa zamani hawakuwa na mashini ya kupima, lakini walijua kusoma udongo. Pale shaba inapokuwa mingi, miti mikubwa haiote. Utaona kilima kiko wazi katikati ya pori, na juu yake majani madogo na maua. Hayo maua yalikuwa alama. Waliofika pale na majembe walijua wanachotafuta.

Walichimba hasa wakati wa kiangazi, kisha mavuno, wakati mvua haiko. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakaweka makala na malakiti, wakapuliza na mivukuto ya ngozi. Shaba ilipoyeyuka waliimwanga ndani ya kielelezo chenye umbo la musalaba. Misalaba hiyo ilikuwa falanga ya wakati ule, tena ilitolewa wakati wa kuoa. Katika makaburi ya zamani ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, wachunguzi walikuta misalaba ya shaba imewekwa pamoja na wafu. Basi musiseme kwamba Muzungu ndiye alituonyesha shaba. Alikuta inachimbwa tayari.

Katika miaka ya 1800 Msiri, aliyetoka Unyamwezi, alijenga ufalme wake Bunkeya, na shaba ya kwetu ilitembea mpaka pwani pamoja na pembe na watumwa. Mumisionere wa kwanza wa Kiprotestanti, Frederick Stanley Arnot, alifika Bunkeya mwaka wa 1886. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa na watu waliotumwa na mufalme Leopold II. Toka siku ile shaba ikapata bwana mwingine.

2. RELI, NA MWAKA WA 1937

Kampani ya Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mwaka wa 1906. Shaba ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi mwaka wa 1911. Huku kwetu mawe yalijulikana, lakini jiwe bila njia ni muzigo tu. Kazi kubwa ilingoja reli. Mwaka wa 1931 njia ya kutoka Tenke mpaka Dilolo ilikwisha, ikaungana na reli ya Benguela mpaka bandari ya Lobito, ku bahari ya Atlantika. Angalieni karta: reli imepita hapa kwa kuwa mawe yako hapa, na muji umekaa hapa kwa kuwa reli imepita hapa.

Mwaka wa 1937 Union Minière ilijenga Kolwezi iwe makao yake ya mashimo ya upande wa magaribi. Muji haukukua kama kijiji, nyumba kisha nyumba. Ulichorwa kwanza ku karatasi. Kulikuwa upande wa Wazungu, na barabara pana na miti. Kulikuwa kambi za wafanyakazi. Na kulikuwa site ya watu weusi wasio wa kampani. Kati ya Wazungu na weusi waliacha nafasi wazi, na sheria ilikataza mweusi kutembea usiku upande ule bila karatasi. Leo komini zetu ni mbili, Dilala na Manika. Mutu anayetembea toka moja mpaka ingine anaweza bado kuona ule mupaka kwa macho, hata kama hakuna tena anayeulinda.

3. MAISHA YA KAMBI

Watu wa kambi walitoka wapi? Hapa wenyewe walikuwa Wasanga, Walunda, Wandembu na wengine. Kampani ikaleta Waluba wa Katanga na wa Kasai, na watu wengi wa makabila mengine. Kwanza walikuja wanaume peke yao, kwa mukataba mufupi, wengi wakafa na magonjwa, wengine wakakimbia. Ndipo, mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ikageuza mupango: mufanyakazi alete bibi yake, azae watoto palepale, na watoto wale watakuwa wafanyakazi wa kesho. Wakati Kolwezi inajengwa, mupango huu ulikuwa umekwisha kukomaa. Ndiyo maana kambi zetu zilikuwa za familia.

Maisha yalikuwa vile. Asubuhi sirene inalia, baba anaamka. Ku kazi anajulikana kwa namba yake. Kila juma mama anakwenda kupokea posho: unga, nyama ao samaki, mafuta ya ngazi, chumvi, maharagi. Ukiwa na watoto zaidi, posho inazidi. Mutoto anazaliwa mu hospitali ya kampani, anapimwa ku kilo na kampani, anasoma mu masomo ya kampani. Mama anakwenda ku foyer social kujifunza kushona na kupika. Toka miaka ya 1950 kulikuwa hata gazeti, Mwana Shaba. Jina lenyewe linasema yote: mutoto wa shaba.

Wazee wetu wanapenda kusema: "Kampani njo ilikuwa baba na mama." Tusicheke maneno yale. Mwenye kula kila juma bila mashaka hasahau. Lakini tuangalie pia upande wa pili. Baba wa namna ile anaingia mpaka ndani ya nyumba. Mukaguzi aliweza kupita kuona kama nyumba ni safi na kama hakuna mugeni asiyeandikwa. Ukifukuzwa kazi, unapoteza siku moja mushahara, nyumba, posho na masomo ya watoto. Kwa upande wa masomo, kampani ilitoa watoto wa kambi mikononi mwa mapadri. Shule za Waprotestanti zilianza kupata musaada wa Serikali ya wakoloni mwaka wa 1948 tu. Ndiyo maana shule kama yetu zilichelewa kukua mu miji ya shaba.

Kambi ile ilitupa pia lugha. Mutu wa Kasai na mutu wa Dilolo wangesemezana namna gani? Kwa Kiswahili. Ni Kiswahili chetu hiki, ambacho wenzetu wa pwani wanakicheka, lakini ndani yake mulizaliwa urafiki na ndoa kati ya makabila ambayo zamani hayakujuana.

Na kulikuwa chakula. Bukari na sombe, bukari na lengalenga, ndakala za kukausha, uyoga wakati wa mvua, vinkubala, kikanda kwa wanaokijua, na munkoyo wa baridi siku ya mungu. Vyote hivyo havikutoka kwa kampani. Vilitoka ku mashamba ya wamama pembeni ya muji na ku pori. Basi hata wakati wa posho, mukono wa mama ulikuwa nusu ya sahani. Mukumbuke neno hili, maana litarudi chini.

4. MAJI YANAYOTOA UMEME

Shaba haiwezi kusafishwa bila umeme mwingi. Karibu na kwetu muto Lualaba unaingia kati ya milima ya Nzilo na kuanguka kwa nguvu. Pale katika miaka ya 1950 kampani ilifunga muto, ziwa Nzilo likazaliwa, na mashini za umeme zikaanza. Chini yake, Nseke, ikajengwa ingine mu miaka ileile. Mwaka wa 1960 kiwanda cha Luilu kilianza kazi. Mule jiwe lililosagwa linaoshwa na asidi, kisha umeme unavuta shaba kutoka mu maji mpaka inashika ku bamba. Bamba lile ndilo linalouzwa inje.

Mwaka wa 1983 ulifunguliwa waya wa Inga-Shaba, karibu kilomita 1.700, kutoka muto Kongo kule Inga mpaka Kolwezi. Ni mumoja wa waya ndefu sana duniani. Ulipita juu ya vijiji vingi vilivyobaki na giza, kwa sababu umeme wa namna ile hauwezi kushushwa njiani bila kiwanda cha pekee. Hapa vilevile, kartye nyingi zinapika na makala, na mwanafunzi anasoma na buji. Makala yale yanakula miti ya pori pande zote za muji. Anayekaa chini ya waya si lazima awe na taa.

5. SIKU ZA VITA

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga inajitenga, na kampani ikamulipa yeye kodi. Kolwezi ilikuwa ngome yake ya mwisho. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliingia hapa Januari 1963, na kujitenga kukaisha. Askari wengi wa Tshombe baadaye walikimbilia Angola.

Kutoka kule walirudi mara mbili, pamoja na vijana wengine, kwa jina la FNLC. Mwezi wa Marsi 1977 walifika mpaka Mutshatsha, lakini majeshi yaliyosaidiwa na Wamarokani yaliwarudisha. Mara ya pili, Jumamosi tarehe 13 Mei 1978, asubuhi mapema, waliingia Kolwezi yenyewe. Tarehe 19 Mei askari wa Ufaransa waliruka na parashuti juu ya muji, na kesho yake wakafika Wabelgiji. Wazungu zaidi ya mia moja waliuawa. Watu weusi walikufa kwa mamia. Redio na magazeti ya dunia yalitaja sana wale wa kwanza. Wale wa pili wengi walizikwa bila jina, mu malupango na pembeni ya njia. Kama muko na jamaa mu nyumba yenu aliyekufa siku zile, muandike jina lake mu daftari la familia. Hakuna mwingine atakayeliandika.

6. BABA ANAPOKUFA

Union Minière ilichukuliwa na Serikali tarehe 1 Januari 1967, kisha ikaitwa Gécamines. Katika miaka ya 1980 ilitoa tani zaidi ya 400.000 za shaba kwa mwaka. Lakini falanga nyingi ziliondoka bila kurudi ku mashini. Tena vita ya Angola ilikuwa imekata reli ya Lobito toka mwaka wa 1975, na njia zingine zilikuwa ndefu. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu kubwa ya shimo la chini ya ardhi la Kamoto ilianguka. Mwaka wa 1994 Gécamines yote ilitoa karibu tani 30.000 tu.

Muji wenye baba mumoja, akifa baba, watoto wanagombana. Hapa iko habari ambayo watu wanaisema kwa sauti ya chini. Mwaka wa 1992 Likasi, na mwaka wa 1993 Kolwezi, wanasiasa walichochea watu wafukuze Wakasai. Wengi wa waliofukuzwa walizaliwa hapa. Wengine hawakuwahi kuona Kasai na macho yao. Maelfu walilala ku gare na mu masomo, wakingoja treni kwa majuma na miezi, na watoto wengi walikufa na njaa na magonjwa. Kosa lao lilikuwa nini? Babu yao alipanda treni ya kampani akaja kuchimba. Lakini babu ya nani kati yetu hakuja? Wandugu, mukisikia mu kalasi ao mu kiwanja mutu anaanza kusema "hawa ni wageni, hawa ni wenyewe", mujue maneno hayo yalifikisha muji wetu wapi. Sisi wakubwa wa shule tunaona ni kazi yetu kuyakataza, hata yakisemwa kwa muchezo.

Kisha mishahara ikakosekana miezi na miezi. Mwaka wa 2003, na falanga za Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walipewa kitu kidogo na kuondoka. Walikwenda wapi? Hapo mukono wa mama ulionekana tena. Shamba, meza ya soko, mikate ya kukaanga, makala, nguo za kushona: ndivyo vilivyolipa minervali ya baba na mama zetu.

7. SHIMO LINAINGIA MU LUPANGO

Kampani za inje zilikuja kisha sheria ya madini ya mwaka wa 2002. Kobalti ikapata bei, kwani inaingia mu betri za telefoni na za motoka za umeme, na Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima. Mwaka wa 2015 Kolwezi ikawa makao makuu ya jimbo la Lualaba. Njia zilitengenezwa, nyumba za magorofa zikapanda, na bei ya kupanga nyumba ikapanda nazo.

Lakini angalieni Kasulo. Mwaka wa 2014 watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao. Kwa miezi kidogo kartye nzima ikatobolewa: shimo mu jiko, shimo mu chumba cha kulala. Mwaka wa 2017 sehemu moja ilibomolewa, familia zikahamishwa, na ukuta ukajengwa. Karibu na Cité Gécamines pia kariere imefika ku nyumba, na watu wamehamishwa. Zamani muji ulijengwa kwa ajili ya shimo. Sasa shimo linakula muji.

Kwa wenzetu wanaofikiri kuacha masomo, tunaeleza namna kazi ile inavyokwenda. Muchimbaji wa mukono anashuka na kamba mu shimo lisilo na mbao za kushikilia udongo. Anayejua kiasi cha kobalti ndani ya gunia ni mununuzi, kwa mashini yake. Na bei inawekwa mbali, London na Uchina. Mwezi wa Februari 2025 Serikali ilisimamisha kutoa kobalti inje sababu bei ilikuwa imeanguka sana. Mwenye gunia hakuulizwa. Na tarehe 27 Juni 2019, mu kariere ya KOV, udongo ulianguka na wachimbaji zaidi ya 40 wakafa siku moja. Hatuseme kila anayechimba atakufa. Tunasema kwamba yeye ndiye mwenye hatari yote na sehemu ndogo ya faida.

8. MUJI MUMOJA MUDOGO WA UINGEREZA

Tusifikiri mambo haya ni ya kwetu peke yetu. Upande wa kusini-magaribi wa Uingereza, katika Cornwall, kuna muji mudogo unaoitwa Redruth. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1800 inchi ile ilitoa shaba kupita inchi nyingi za dunia. Wamama na watoto walipasua mawe inje ya shimo, sawa vile tunaona hapa. Kisha shaba nyingi ikapatikana Chili na kwingine, bei ikaanguka, na wachimbaji wa Cornwall wakatawanyika mpaka Australia na Afrika ya Kusini. Shimo lao la mwisho la bati, South Crofty, lilifungwa mwaka wa 1998.

Lakini watu wale waliandika. Majina ya mashimo, ya kartye, ya waliokufa, na nyumba za mashini za zamani, vyote vimetunzwa, na mwaka wa 2006 UNESCO iliviweka katika hesabu ya mali ya dunia. Shaba ilikwisha, lakini habari ilibaki.

9. NA SISI TUTABAKI NA NINI?

Mawe yetu nayo yatakwisha. Hatuwezi kusimamisha kamyo zinazopanga mustari kwenda Kasumbalesa, lakini tunaweza kufanya mambo mawili. La kwanza ni kumaliza masomo, ili siku moja anayepima jiwe, anayesoma mukataba, anayetunza wagonjwa na anayefundisha watoto awe mutu wa hapa. La pili ni kuandika habari zetu wakati wazee wangali wazima. Kwa likizo hii tunawapa kila mumoja kazi. Uliza muzee wa nyumba yenu, kwa heshima, naye akiwa amepumzika:

a) Babu yetu wa kwanza aliyefika hapa alitoka wapi, na kwa treni ao kwa miguu?
b) Namba yake ya kazi ilikuwa gani, na alikaa kambi gani?
c) Mwezi wa Mei 1978 mulijificha wapi? Nani hakurudi?
d) Mwaka wa 1993 majirani gani waliondoka, na nani aliwasaidia?
e) Wakati mushahara ulikosekana, ni kazi gani ilitulisha?

Andikeni majibu ku karatasi safi, na jina la kartye juu. Leteni kwa wakubwa wa kalasi juma la kwanza kisha likizo. Tutayapanga na kuyaweka mu daftari moja litakalobaki mu biblioteke ya shule, hata sisi tukiisha kuondoka.

Kwa niaba ya wakubwa wa shule, kalasi ya mwisho.